Baba, Usinipige Leo

"Hiyo soksi ni ya nani?"

Ndilo jibu nililolipata kwa picha niliyoamini kuwa bora kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Mwanangu mdogo, wa miaka mitano, alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yetu. Mwanga umemwangukia shavu moja, shavu la pili limezama kwenye kivuli cha ukuta, na mkononi kashika ganda la ndizi kwa heshima ambayo ndizi yenyewe haikuipata. Niliungojea mwanga ule dakika ishirini. Nilimwahidi mtoto mambo nisiyoweza kuyatekeleza. Kisha nikaituma picha Uarabuni kwa mama yake, nikakaa kando ya simu kama mwandishi anayengojea kusifiwa.

Soksi. Nikaitazama picha upya, nikaona ni kweli. Mguu mmoja ulikuwa na soksi ya shule, nyeupe kwa imani tu. Mguu wa pili ulikuwa na soksi yangu.

Mke wangu ni muuguzi. Alipokwenda kufanya kazi ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili, aliniachia sharti moja: kila siku nimtumie picha ya watoto. Moja tu, lakini kila siku. Simu za kuonana alizikataa mwenyewe baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu mdogo alikibusu kioo mpaka simu ikajizima, na mama akashinda wodini macho yamemvimba. Sauti tungeisikia Ijumaa. Siku nyingine zote, picha. "Nataka kuona kama wamekula, kama wamechanwa nywele, na kama meno yao yapo," alisema. "Hayo mengine ya kwako waandikie watu wa magazeti."

Hayo mengine ya kwangu ni kwamba nina kamera kubwa niliyoinunua nikiwa chuo kikuu, enzi zile nilipokuwa na hakika kwamba nitakuja kuwa mtu wa kutajwa. Mke wangu alitaka ripoti, mimi nikampelekea sanaa. Nilimtumia kivuli cha kitana ukutani, akauliza mbona hakitumiki. Nilimtumia mikono miwili midogo ndani ya unga, akauliza kama kucha zimekatwa. Hakuna mhakiki aliyewahi kuisoma kazi yangu kwa makini namna ile.

Tunakaa ghorofa ya pili huku Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumpa jirani chumvi, na tumeshafanya hivyo. Jua huingia kwetu kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, tena kama mtu aliyepotea nyumba. Zamani nilikuwa nikitoka. Nilifundisha kwa mkataba katika chuo kimoja, na mkataba ulipokwisha bila mtu kuukumbuka nikatangaza kwamba nitabaki nyumbani nilee na niandike. Kulea nimelea. Kuandika, nimetafsiri maelekezo ya mashine za kufulia nguo, mashine ambazo sisi wenyewe hatuna. Kwetu mashine ni mimi.

Dunia yangu ikawa pembe tatu: shule, soko la Marikiti, nyumbani. Ilipita miezi sijavuka daraja wala kivuko. Mtu anaweza kuzaliwa kisiwani asijue kuwa ni kisiwa mpaka siku atakapopewa watoto wawili na funguo za nyumba. Wageni hulipa nauli za ndege kuja kukitazama kichochoro chetu. Husimama chini ya dirisha langu, wakausifu mlango, wakazipapasa nakshi zake. Mimi huwatazama kutoka juu nikiwa na sufuria ya uji mkononi, kama mfungwa anayewaona watu wakizisifu kuta za jela yake.

Mwezi wa Aprili shule zikafungwa na mvua za masika zikaanza, na hata ile pembe tatu ikapungua ikawa chumba. Na mwezi huo nilikuwa na siri.

Ijumaa moja, watoto walipokwisha kuzungumza na mama yao, mke wangu aliniambia nijitenge nao kidogo. Nikaenda jikoni. "Nimetia sahihi mwaka mmoja zaidi," alisema. "Usiwaambie bado. Tafuta wakati mzuri." Nikautafuta wakati mzuri kama ninavyoutafuta mwanga mzuri, yaani nikangoja. Nilikuwa nimesimama mbele ya kalenda, ile inayogawiwa na duka moja la leso la Biashara Street, yenye karatasi moja kwa kila mwezi. Mwanangu mkubwa, wa miaka tisa, ndiye mwenye kalenda hiyo. Kila asubuhi hufuta siku moja kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa Juni alikuwa ameandika neno moja: Mama. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili.

Wakati huo huo ndipo mkubwa alipoanza kunikataa. Mwanzo aligeuza shavu. Halafu akawa anainama kufunga kiatu kila nikiinua kamera, hata akiwa miguu mitupu. Mwishowe akanipa mgongo kabisa. Kwa wiki mbili nilituma migongo: mgongo na nywele zilizosukwa, mgongo na dirisha, mgongo na mvua. Nilijidanganya kwamba ni mtindo. Mke wangu hakudanganyika. Aliandika neno moja: "Mgeuze."

Nikajaribu kumgeuza. Nilijificha nyuma ya mlango. Nilijifanya napiga picha birika. Nilimhonga kwa kashata, akala kashata amenipa mgongo. Na asubuhi moja, mwanga ukiwa unaondoka na mimi sina kitu cha kutuma, nilimshika bega nikamvuta anielekee. Sikumvuta kwa nguvu, nasema hivyo kila mara ninapoikumbuka. Akalia.

"Usinipige, baba! Sitaki kupigwa! Kila siku kupigwa tu!"

Na mdogo, ambaye hajawahi kuikimbia kamera tangu azaliwe, akaja mbio kutoka chumbani. "Mwache dada, baba! Nipige mimi! Nipige mimi!"

Hapa yanipasa nikiri jambo la aibu. Nina shahada mbili za lugha, na tasnifu yangu ilihusu vitenzi. Nilijaza kurasa nyingi kuhusu kitenzi "piga", namna kinavyobeba kila mzigo kama hamali wa Marikiti: piga pasi, piga deki, piga hodi, piga simu, piga chafya. Lakini nyumbani kwetu neno "picha" lilikuwa limechakaa kwa kutumika kila siku, tukaliacha lidondoke. Tukabaki na kitenzi peke yake, kinatembea uchi, madirisha yakiwa wazi.

Mombasa mtu akikuchukia hakutukani. Hukupunguzia salamu. Kawaida mimi huchukua robo saa kutoka mlangoni mpaka kona, maana lazima niulizwe hali yangu, ya watoto, ya mama yao, ya kazi, na tena hali yangu mwishoni kama sikuijibu mwanzoni. Wiki ile nilifika kona kwa dakika mbili. "Salaam aleikum." "Aleikum salaam." Basi. Muuza vitambaa wa chini, mtu wa asili ya Kihindi ambaye humpa mdogo wangu peremende kila akipita, alimpa tatu, akamshika kichwa, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nilidhani ni ndevu zangu.

Jumamosi akaja jirani wa dirisha la ng'ambo. Ni mama mtu mzima, mjane, ambaye hushinda dirishani akichagua mchele, na watoto wangu humwita nana. Katika miaka yote hatukuwahi kutembeleana kwa mlango, dirisha lilitosha. Siku hiyo alikuja kwa mlango, na buibui lake, na sahani ya mahamri iliyofunikwa. Nikamkaribisha, nikamwekea kahawa.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni mtu mzima, nitasema."

"Sema, mama."

"Wana hawa mama yao hayuko."

"Hayuko."

"Mwana akikosa hufundishwa. Sote tulifundishwa. Lakini kila siku?"

Nikadhani amegundua ninavyowachosha. Nikaona haya, nikajitetea.

"Mama, si kupenda kwangu. Mama yao ndiye aliyeniagiza. Kila siku, mara moja."

Akakiweka kikombe chini. "Kaagiza yeye?"

"Hata kabla hajapanda ndege. Na siku nikichelewa, huniuliza."

"Subhanallah. Na hiyo mara moja, huwa moja kweli?"

"Nisikufiche. Mdogo moja yamtosha, na yeye hufurahi. Mkubwa ndiye mgumu. Huyo mara kumi, kumi na tano, mpaka nipate moja ya maana."

"Mdogo hufurahi," akarudia polepole.

"Huniomba mwenyewe. Lakini mkubwa siku hizi nampiga mgongo tu, maana uso hataki."

"Uso?"

"Mama yake autaka uso. Juzi kaniandikia nimgeuze."

Alilivuta buibui lake mabegani kama mtu aliyeingiwa na baridi, na nje kulikuwa na joto la kufukiza nguo. Sasa najua alikuwa akipanga amwendee nani kwanza, ndugu za mke wangu au imamu.

"Na huyu mdogo," akasema, "nilimsikia kwa masikio yangu akilia aachwe dada yake, apigwe yeye."

"Huyo ana wivu tu, mama."

Nadhani ningetolewa nyumbani kwangu nimeshikwa mikono na wanaume wanne, lau si mdogo mwenyewe kuingia sebuleni, kamera imemning'inia shingoni mpaka magotini.

"Nana," akasema, "kaa vizuri baba akupige. Tumpelekee mama."

Jirani aliitazama kamera. Akanitazama mimi. Akaitazama kamera tena. Kisha akajifunika uso kwa ncha ya leso, mabega yakamtikisika, na mimi bado nimeshika birika la kahawa sijui kuna nini. Ilibidi anieleze. Alinieleza mara mbili, kwa sababu kila akifika penye "nampiga mgongo tu" alishindwa kuendelea.

"Ai, mwalimu," akasema akijifuta machozi. "Na zile shahada?"

"Zimo sandukuni, mama."

"Ziache huko huko."

Tulicheka, akala hamri moja kati ya alizoleta mwenyewe, akaahidi kuirudisha heshima yangu kabla ya alasiri, na kweli aliirudisha, kwa kupitia dirishani. Lakini alipofika mlangoni akivaa viatu, aligeuka. Hakuwa akicheka tena.

"Neno nilikosea, mwanangu," akasema. "Kilio sikukosea. Yule mwana alikuwa akilia."

Jumapili mvua ilitulia, nikawapeleka watoto Mama Ngina, kando ya bahari. Kamera niliiacha nyumbani, na picha ya siku ile nilikwisha kuituma asubuhi: mdogo, soksi zote mbili zake. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mdogo akaenda kuwafukuza kunguru karibu nasi, mkubwa akakaa kando yangu ukutani. Nilikuwa nimejiapia kumwambia kuhusu ule mwaka. Nilikuwa nimeipanga sentensi tangu alfajiri, na ilikuwa sentensi nzuri.

"Leo hukuja nayo," akasema.

"Sikuja nayo."

"Mama atakuuliza."

"Nilituma ya mdogo." Nikamkamulia ndimu. "Mama yako anauliza habari ya uso wako."

Alichovya muhogo kwenye pilipili, akautazama, hakuula.

"Kuna rafiki yangu darasani, mamake naye alikwenda Uarabuni. Alisema miaka miwili. Sasa ni minne."

"Kazi za huko ndivyo zilivyo."

"Mamake hutumiwa picha kila siku. Mpaka za keki. Mpaka za ripoti ya shule."

"Ni vizuri. Haachwi nyuma."

"Baba." Alinitazama usoni, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na mimi mikono mitupu. "Mtu akikuona kila siku, arudi kuangalia nini?"

Nikageuka kumtazama mdogo na kunguru wake.

"Huyu hajui," akasema, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Yeye hutoa uso bure."

Pale ndipo ilipokuwa nafasi. Mtu mwingine, baba mwingine, angeusema ule mwaka pale pale, na bahari ingemsaidia. Mimi nilikwenda kununua madafu. Nilichagua matatu, nikamwambia muuzaji achelewe kuyachonga. Nilisimama pale nikijua kwamba wiki zote hizo mtoto wa miaka tisa alikuwa akifanya kazi peke yake, kazi ya kumrudisha mama yake nyumbani kwa silaha moja tu aliyokuwa nayo, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimnyang'anya kila asubuhi kwa kumshika bega. Tena nilijua kwamba kazi yenyewe ilikwisha kushindwa, kwa sahihi, wiki tatu zilizopita.

Jumatatu jua likaingia, safi, baada ya mvua. Lilishuka ngazini hatua kwa hatua, likafika mahali pale pale pa ganda la ndizi. Sijawahi kuona mwanga mzuri namna ile ndani ya nyumba yangu. Nilikaa jikoni nikamenya vitunguu. Kamera ilikuwa kabatini.

Saa tano simu ikatoa mlio wa ujumbe. "Picha?" Saa sita: "Kuna nini?" Halafu ikaanza kulia yenyewe, ikitetemeka juu ya meza kati ya maganda ya vitunguu.

"Leo si Ijumaa," mdogo akasema.

Mkubwa alikuwa amesimama kando ya kalenda. Hakuruka, hakupiga makofi. Alinitazama tu.

"Umeona," akasema.

Nimeshindwa kwa njia nyingi maishani, lakini sikumbuki kitu kilichoniuma kama furaha ile iliyokuwa usoni mwake. Nikapokea. Mke wangu alikuwa akiuliza nani mgonjwa, nani ameanguka. "Wote wazima," nikamwambia. "Sijapiga. Zungumza na mkubwa, umwambie wewe. Mimi wakati mzuri sikuupata." Nikasikia akivuta pumzi. Nikampa mtoto simu.

Alisikiliza akiwa amesimama wima, kama wanavyosimama shuleni. Alisema "ndiyo, mama" mara tatu. Kisha akauliza, "Mpaka Juni gani?" Akalisikiliza jibu. Alinirudishia simu, ikiwa tayari imekatika, akairudia kalenda. Akafunua Mei, akafunua Juni penye neno lake, akaendelea kufunua mpaka karatasi ya mwisho, akaitazama kwa nyuma kama kwamba huenda wenye duka waliweka nyingine huko.

"Haifiki," akasema.

"Haifiki, mama." Nikisema naye kwa upole humwita mama.

"Ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nikijua."

Alikwenda mwenyewe kabatini. Akaja na kamera, akanipa, akaenda kusimama dirishani. Jua lilikwisha kupita zamani. Machozi yalikuwa yakimshuka na pua pia, na hakujifuta.

"Nipige," akasema.

"Si lazima. Leo si lazima kabisa."

"Nipige uso, baba! Hivi hivi! Aone!"

Alisema kwa sauti kubwa. Ng'ambo ya kichochoro, umbali wa mikono miwili, jirani yetu alikuwa na ungo wake wa mchele mapajani. Aliinua macho, akamwona mtoto, akaniona mimi na kamera nyuma yake. Dirisha lile sijawahi kuliona limefungwa mchana, wala kwa mvua, wala kwa moshi wa majirani. Aliuweka ungo chini. Akanyoosha mkono akavuta ubao wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, mpaka mbao zikakutana.

Nikampiga, mara moja. Mwanga ulikuwa mbaya. Picha ilitoka imetikisika kidogo upande wa kidevu, nikaituma hivyo hivyo bila neno.

Mdogo alikuwa ananivuta kanzu. "Na mimi, baba. Na mimi."

Dada yake alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe kaa chini kwanza," akamwambia. "Vua soksi ya baba."